Masisi: Nani Alihesabu Watu, Nani Alihesabu Ardhi?



Kila mara tunapozungumza kwenye redio juu ya njaa ao ugomvi wa mashamba, kuna jibu moja linalorudi bila kukosa: watu wamekuwa wengi kupita kiasi, na udongo ni uleule. Wazee wanasema hivyo, vijana wanasema hivyo, hata wageni wa mashirika wanaokuja na magari meupe wanasema hivyo. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine iko katika historia, na historia hiyo wengi wetu hatukuipata shuleni. Tulifundishwa tarehe ya uhuru na majina ya marais. Hatukufundishwa namna kilima tunacholima kilivyopata mwenyewe.

Leo nataka kuieleza historia hiyo kwa ufupi, bila kumtupia kabila lolote mawe. Jambo lenyewe ni hili: kwa karibu miaka mia moja, waliotawala milima yetu walihesabu watu bila kuangalia ardhi yao, ao walihesabu ardhi bila kuangalia watu waliokuwa juu yake. Vyote viwili havijahesabiwa pamoja hata mara moja. Na kila mara ilipokuwa hivyo, aliyelipa ni mwenye jembe.

Milima iliyoitwa tupu

Teritware ya Masisi ina kilomita za mraba karibu 4,700. Ina usheferi mbili, Bahunde na Bashali, na sekta mbili, Osso-Banyungu na Katoyi. Sehemu kubwa ya udongo wake ulitokana na volkano, ndiyo sababu maharage, viazi, mahindi na ndizi vinakubali. Hewa ni ya baridi, mvua ni nyingi, na ng'ombe wanapata majani karibu mwaka mzima.

Wakulima wa zamani hawakulima kilima chote kwa wakati mmoja. Walilima sehemu fulani misimu kadhaa, kiisha wakaiacha ipumzike mpaka pori lirudi. Pori na msitu vilikuwa akiba ya ukoo: kuni, asali, nyama, dawa, na shamba la mtoto ambaye hajazaliwa. Mwami na wakubwa wa ukoo ndio waliogawa ardhi. Aliyepewa alitoa sehemu ya mavuno kama alama ya heshima, lakini hakuna aliyeweza kuuza kilima kama anavyouza mbuzi.

Mnamo tarehe 1 Julai 1885, serikali ya Mfalme Leopold II ilitoa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali. Amri hiyo iliandikwa na watu waliokuwa hawajaiona Masisi. Mbele ya macho ya karani wa Kizungu, shamba lililopumzishwa lilikuwa ardhi tupu. Msitu wa ukoo ulikuwa ardhi tupu. Malisho ya msimu yalikuwa ardhi tupu. Kilichohesabika ni nyumba na shamba lenye mazao siku ile ofisa alipopita.

Kutoka hapo mambo yalifuatana. Mwaka wa 1925 Wabelgiji waliunda Hifadhi ya Albert, ile tunayoita leo Virunga, na katika miaka iliyofuata wakaipanua. Mwaka wa 1928 iliundwa Kamati ya Kitaifa ya Kivu, inayojulikana kwa herufi CNKi, iliyopewa uwezo wa kusimamia na kugawa ardhi "tupu" kwa walowezi. Wazungu waliipenda milima yetu kwa sababu ya baridi yake. Walifungua mashamba ya kahawa, chai na pareto, na malisho ya ng'ombe. Kwa upande mmoja hifadhi, kwa upande mwingine shamba la mlowezi, na mwanakijiji alibaki katikati. Hiyo ndiyo mara ya kwanza ardhi yetu kupungua, na haikupunguzwa na uzazi.

Watu walioletwa kwa hesabu ya mkoloni

Walowezi walipata ardhi, lakini walikosa mikono ya kuilima. Wenyeji hawakuwa na haraka ya kwenda kutumika kwa Mzungu wakati walikuwa bado na mashamba yao. Wakati uleule, Wabelgiji walitawala pia Rwanda na Burundi, na Rwanda ilikuwa imepigwa na njaa kali, hasa ile ya mwaka 1928 na 1929. Katika ofisi za mkoloni hesabu ilionekana rahisi: kule watu wamejaa, huku milima ni mitupu, basi tuwahamishe.

Mwaka wa 1937 ilianza kazi ya Misheni ya Uhamiaji wa Banyarwanda, kwa herufi MIB. Familia zilianza kuwekwa Gishari, hapa Masisi. Mpaka mwaka 1945 walikuwa wamefika watu karibu 25,000. Kazi ikaendelea tena mwaka 1949 mpaka 1955, na watu wengine karibu 60,000 wakaletwa, na wakati huu wakafikishwa pia Bashali, Mokoto na Bwito. Jumla ni karibu watu 85,000, Wahutu na Watutsi, ndani ya miaka isiyofika ishirini. Wengi walitumika katika mashamba ya walowezi, wengine katika migodi.

Ni lazima kusema mambo mawili hapa, maana vipande vya historia hii vimetumiwa mara nyingi kuwasha moto. La kwanza, wasemaji wa Kinyarwanda hawakuanza kuishi Kivu mwaka 1937. Bwisha, katika Rutshuru, walikuwapo kabla ya Wazungu kuchora mipaka. La pili, mtu aliyepandishwa kwenye gari la MIB hakuandika mpango huo. Mara nyingi alikuwa anakimbia njaa, na wajukuu wake walizaliwa hapa, hawana kilima kingine wanachokijua.

Methali inasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wabelgiji walitoa jembe, lakini hawakuuliza vizuri litalima shamba la nani. Gishari ilipewa utawala wake wenyewe, kiisha mwaka 1957 utawala huo ukafutwa na eneo likarudishwa chini ya Bahunde. Kwa mwenyeji, ardhi ya ukoo ilikuwa imetolewa na mkoloni bila yeye kukubali sawasawa. Kwa aliyeletwa, shamba aliloahidiwa lilikuwa limepoteza mtetezi. Wote wawili walibaki na madai ya kweli juu ya kilima kimoja. Na katika miaka hiyohiyo ya 1950, maofisa walewale walioita Masisi tupu walianza kusema imejaa. Ndani ya miaka ishirini kilima kilitoka kuwa kitupu na kuwa kimejaa, na mlowezi aliyekuwa na mamia ya hekta hakuguswa na hesabu hiyo.

Sheria iliyoacha kijiji bila karatasi

Baada ya uhuru wa 1960, wengi walitumaini kwamba ardhi ya walowezi itarudi kwa vijiji. Haikuwa hivyo. Miaka ya 1963 mpaka 1965 milima yetu ilipita katika vita iliyoitwa ya Kanyarwanda. Kiisha Mobutu akashika nchi. Mwaka wa 1966 sheria ya Bakajika ilirudisha ardhi yote mikononi mwa serikali. Tarehe 20 Julai 1973 ilitoka sheria kubwa ya ardhi, ambayo inasema kwamba udongo ni mali ya serikali peke yake, na haiwezi kuuuza. Raia anaweza kupewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inasimama kwa hati ya ofisi.

Je, ardhi ya kijiji, ile inayoshikwa kwa mila? Ibara ya 389 ya sheria hiyo iliahidi kwamba amri ya Rais wa Jamhuri itaeleza haki za watu hao. Miaka kumi ilipita, ishirini, arobaini, na amri hiyo haikutoka. Kwa hiyo mamilioni ya wakulima wa Kongo waliishi kati ya sheria mbili. Mila ilisema shamba ni lao. Sheria ya serikali haikusema ni lao wala si lao. Katika giza hilo, mwenye gari, mwenye elimu na mwenye rafiki Kinshasa aliweza kufika ofisi ya kadasta na kutoka na karatasi.

Mwisho wa mwaka huohuo wa 1973, Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yachukuliwe na Wazaire. Mashamba ya walowezi hayakugawanywa kwa wanakijiji. Yalipita mikononi mwa wakubwa wa siasa, wafanyabiashara na watu wenye majina, wa makabila mbalimbali. Wengine waliongeza hekta juu ya hekta kwa kununua haki kutoka kwa machifu, na msitu na mashamba ya kupumzisha yakageuzwa malisho. Ndiyo asili ya ferme nyingi tunazoziona leo, na nyasi za kikuyu zinazofunika milima.

Tusiwe waongo: ferme zina faida. Maziwa na fromaji ya Masisi vinajulikana mpaka Kinshasa, na nyasi zinashika udongo kwenye mteremko kuliko maharage. Shida ni mpango wake. Kilima chenye mteremko wa taratibu kikiwa na uzio na ng'ombe, mwanakijiji anasukumwa kulima penye mteremko mkali, mahali ambapo mvua moja kubwa inatosha kupeleka udongo mtoni. Wengine wanakodi kipande ndani ya ferme kwa msimu mmoja na kulipa kwa mazao, kwa pesa ao kwa siku za kazi. Mtu wa msimu mmoja hapandi mti. Hachimbi mtaro wa kuzuia maji. Kwa nini atengeneze udongo ambao mwakani utapewa mwingine? Kwa hiyo, tukisema wakulima wanaharibu milima, tuulize kwanza walipewa kilima kwa muda gani.

Nchi isiyojua hesabu yake

Sasa tuje kwenye nusu ile ya kwanza ya ukweli, yaani wingi wa watu, maana nayo haikwepeki.

Mara ya mwisho Kongo kufanya hesabu kamili ya watu, nyumba kwa nyumba, ilikuwa mwaka 1984. Walipatikana watu karibu milioni 30. Leo Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba tumepita milioni 100. Watu wakiongezeka asilimia 3 kila mwaka, wanakuwa mara mbili baada ya miaka 23 hivi. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa 2013 na 2014 ulionyesha kwamba wakati huo mwanamke wa Kongo alikuwa anazaa kwa wastani watoto 6.6. Kwa maneno mengine, mtoto aliyezaliwa siku ya hesabu ya 1984 sasa amepita miaka arobaini, anaweza kuwa na wajukuu, na serikali haijamhesabu tena. Mipango ya shule, hospitali, barabara na mashamba inafanywa kwa kukisia.

Kwa nini hatuhesabiki? Pesa na vita ni sababu. Lakini hapa Masisi kuna sababu nyingine. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wengi waliotoka Rwanda na Burundi wakati wa ukoloni, na sheria ya 1981 ikauondoa kwa wengi wao. Kwa hiyo mwaka 1991, serikali ilipoanza kazi ya kutambua nani ni raia na nani si raia, hofu iliingia milimani. Watu waliona kwamba kuhesabiwa kunaweza kumaanisha kupoteza shamba na kura, na wengine waliona kwamba kutokuhesabu kunaweza kumaanisha jambo hilohilo kwa upande wao. Mwezi wa tatu 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi yote. Maelfu ya watu walikufa, na zaidi ya laki mbili walikimbia nyumba zao. Kati ya familia zinazotusikiliza leo, nyingi zinahesabu ukimbizi wao kuanzia hapo. Sheria ya uraia ya 2004 ilijaribu kutengeneza jambo hilo, lakini kidonda cha karatasi hakijapona.

Tangu wakati huo, neno "kuhesabu" lina harufu ya hatari kwetu. Ndiyo hasara kubwa, maana bila hesabu hatuwezi kupanga, na bila kupanga wingi wa watu unabaki kuwa sababu ya kugombana tu.

Hesabu ya shamba moja

Tufanye hesabu ya nyumbani. Tuseme babu alikuwa na hekta 4 mwaka 1950. Alizaa wavulana wanne waliobaki kijijini. Mwaka 1975 kila mmoja alipata hekta 1. Nao kila mmoja akazaa wavulana wanne: mwaka 2000 kila mjukuu alipata robo hekta. Mwaka 2025 kitukuu anapata mita 25 kwa mita 25. Hakuna mbolea wala sala inayoweza kulisha familia ya watu wanane kwa kipande hicho peke yake. Na katika hesabu hii dada hawakupata kitu, ingawa sheria ya familia ya 1987 inasema watoto wote wanarithi sawa.

Kwa hiyo anayesema uzazi si kitu, anadanganya. Lakini tuongeze hesabu ya pili. Tuseme jirani wa babu huyo ana ferme ya hekta 300 yenye wachungaji watano. Ferme hiyo haikugawanyika mwaka 1975, wala 2000, wala 2025. Ukiangalia vitukuu tu, utasema tatizo ni tumbo la mama. Ukiangalia ferme tu, utasema tatizo ni tajiri. Ukiangalia vyote viwili pamoja, unaanza kuelewa Masisi.

Wazazi nao hawazai wengi kwa ujinga. Mahali ambapo watoto wanakufa kwa malaria na surua, mahali ambapo hakuna pensheni, na mahali ambapo vita inaweza kuchukua wawili kwa usiku mmoja, watoto wengi ndio bima ya mzee. Mambo yanayopunguza uzazi yanajulikana duniani kote: watoto wakipona, wasichana wakimaliza shule, na mama akiweza kupata njia za kupanga uzazi kwenye kituo cha afya na kukubaliana na bwana yake. Yote matatu yanavunjwa na vita. Msichana wa kambini aliyeacha shule na kuolewa mapema hakuchagua kuongeza watu Masisi. Vita ndiyo iliyomchagulia.

Msitu, makala na mgodi

Shamba likiisha, watu wanatafuta pengine. Julai 1994, ndani ya siku chache, karibu watu milioni moja walivuka kutoka Rwanda na kuwekwa katika makambi karibu na Goma, kama Mugunga, Kibumba na Katale. Walihitaji kuni kila siku, na msitu wa Virunga ulikatwa kwa kiasi kilichofanya UNESCO iweke hifadhi hiyo, mwaka uleule, katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Tangu hapo Goma imekua mwaka kwa mwaka, na kila vita ya Masisi inaongeza watu mjini. Mji huo unapika kwa makala, na makala mengi yanatoka katika msitu. Mtu wa Masisi aliyepoteza shamba anaweza kujikuta anasukuma chukudu yenye magunia ya makala. Ni mtu huyohuyo, amebadilishiwa tu kazi na umaskini.

Kwetu upande wa Bihambwe, njia nyingine ni mgodi. Rubaya ilikuwa kijiji cha wakulima na wafugaji. Leo ni jina linalotajwa katika mikutano ya dunia, maana inakadiriwa kwamba koltani ya milima hii inatoa karibu asilimia 15 ya tantalum inayotumika duniani katika simu na kompyuta. Maelfu ya vijana wanachimba kwa mikono. Wengi wao ndio wale vitukuu wa mita 25 kwa 25. Mgodi unawapa pesa ya leo, lakini mashimo yanakula kilima ambacho kingelimwa, maji ya mito yanageuka tope, na udongo uliochimbwa bila mpango unaporomoka na kufunika watu. Tangu mwisho wa mwezi wa nne 2024 Rubaya iko mikononi mwa M23. Wenye silaha waliotangulia nao walitoza kodi. Silaha zimebadilisha mikono mara nyingi, lakini kilima hakijapata bado anayekipanga kwa ajili ya miaka hamsini ijayo.

Wengi, lakini udongo ukabaki

Je, kuna mahali ambapo watu waliongezeka na ardhi haikufa? Ndiyo, na si Ulaya. Ni Machakos, Kenya.

Katika miaka ya 1930, maofisa Waingereza waliandika kwamba milima ya Machakos imeharibika kabisa: watu wengi, ng'ombe wengi, makorongo kila upande. Mwaka 1932 eneo hilo lilikuwa na watu karibu 240,000. Mwaka 1990 lilikuwa na karibu milioni 1.4. Watafiti waliorudi huko na kuandika kitabu chao mwaka 1994 walikuta jambo ambalo hakuna ofisa wa zamani angeliamini: watu walikuwa zaidi ya mara tano, lakini mmomonyoko ulikuwa umepungua, miti iliongezeka, na mavuno kwa kila mtu hayakuanguka.

Walifanyaje? Walichimba matuta ya mteremko yanayoitwa fanya juu, ambapo udongo wa mtaro unatupwa upande wa juu na kutengeneza ngazi. Wanawake walitumika kwa vikundi vya mwethya, wakihamia shamba kwa shamba, kama salongo ikifanywa kwa hiari na kwa faida ya mwenye shamba. Walipanda matunda, na waliporuhusiwa walipanda kahawa. Soko la Nairobi lilikuwa karibu, na barabara ilipitika. Na jambo la msingi: kila mmoja alijua shamba ni lake na litakuwa la mtoto wake.

Mkoloni aliwahi kulazimisha matuta kwa fimbo, kule Kenya na huku Kivu pia. Watu waliyachukia, na mahali pengi waliyaacha mara tu fimbo ilipoondoka. Machakos iligeuka wakati watu walipoyachimba kwa ajili yao wenyewe. Kwa hiyo wingi wa mikono haukuwa laana. Mikono ilipopata haki, amani na soko, ilitengeneza kilima.

Je, tuhamie Walikale?

Kuna wanaosema: Masisi imejaa, lakini jirani yetu Walikale ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu mara tano ya Masisi, na watu wake ni wachache. Basi tuhamie huko. Nawaomba mkumbuke 1937. Ni hesabu ileile: huku wamejaa, kule ni kutupu. Walikale si tupu. Ni msitu wa Wanyanga, Wakano, Wakumu na Mbuti, ambao wanautumia kwa uwindaji, uvuvi, asali na mashamba ya kuhama, na sehemu yake iko ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega. Udongo wake si wa volkano kama wetu. Ukikata miti na kulima kama tunavyolima Masisi, nguvu yake inaisha baada ya misimu michache. Mtu ana haki ya kuhamia kwa jirani, lakini kwa kukaribishwa na wenyeji na kwa mpango unaojulikana. Tukianza tena kuita ardhi ya mwingine tupu, wajukuu zetu watalipa kama tulivyolipa sisi.

Yanayotungojea sasa

Jambo hili linabana leo. Mwezi wa pili 2025, baada ya M23 kuchukua Goma, makambi ya Bulengo, Lushagala na mengine yalivunjwa, na familia nyingi zilirudi njia ya Masisi. Wengine wamekuta nyumba bila bati. Wengine wamekuta shamba limelimwa na mtu mwingine, ambaye naye amekimbia kutoka kilima kingine. Ng'ombe wameingia mahali palipokuwa na maharage. Ikiwa kila mmoja atadai kwa panga, tutarudi 1993.

Mwaka 2012 jimbo letu lilitoa edikti juu ya uhusiano kati ya machifu, wenye mashamba makubwa na wakulima. Ilionyesha kwamba sheria ya karibu na watu inawezekana. Lakini karatasi bila amani inabaki katika kabati.

Wakati tunangoja, kuna mambo ambayo familia inaweza kufanya. Mtunze karatasi yoyote mliyo nayo ya shamba, hata barua ya chifu ya zamani, hata risiti ya kodi, na mwache nakala yake kwa mtu mnayemwamini mahali pengine. Waulizeni wazee wangali hai, mbele ya mashahidi wa pande zote, mipaka ilipita wapi na mti gani uliwekwa kama alama. Mwandike majina ya mashahidi hao. Wajane na mabinti wawepo siku hiyo, maana mara nyingi ndio wanaolima na ndio wanaofukuzwa kwanza. Mkikuta mtu kwenye shamba lenu, mkubaliane kwanza amalize mavuno yake, na jambo lifike kwa wapatanishi wa kijiji kabla ya kufika kwa wenye silaha. Na baba na mama mzungumze nyumbani, bila haya, kuhusu idadi ya watoto ambao shamba lenu linaweza kusomesha.

Kwa wanaotawala leo na watakaotawala kesho, mahitaji ya Masisi yanaweza kusemwa kwa maneno machache. Hesabuni watu wote bila kumuuliza mtu kabila lake kwa nia ya kumfukuza. Hesabuni pia ardhi, kilima kwa kilima, na mseme hadharani nani anashika hekta ngapi na kwa karatasi gani. Kiisha wekeni daftari hizo mbili juu ya meza moja, mbele ya wakulima na wafugaji. Siku hiyo ndipo tutajua kama kweli tumekuwa wengi mno, ao kama tulibanwa tu.